Jiko Alilolisikia Baba

"Si jiko, Rizzieri," mama alisema. "Ni mimi."

Alikuwa bado amevaa koti lake la kijivu, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, ingawa ndani ya duka la Tarcisio mlikuwa na joto la kumtoa mtu jasho. Nyuma yake majiko matatu yalikuwa yakiwaka kwa pamoja. Moto ulichezacheza nyuma ya vioo, na punje za mbao, ndizo kuni za majiko hayo, zilikuwa zikidondoka chache chache ndani ya vikombe vya chuma, tik, tik, tik. Baba alikuwa ameinama mbele ya lile jekundu, mkono mmoja kiunoni, akichungulia sehemu ya kutolea majivu. Hakugeuka. Alidhani hakusikia vizuri.

"Unasemaje?"

"Nasema stufa ni mimi. Tangu Septemba ni mimi."

Tarcisio, mwenye duka, mtu ambaye angeweza kumuuzia jiko hata maiti kwa maneno yake, alirudisha kalamu yake sikioni. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa aliyotukaribisha nayo, na nakumbuka niliendelea kuikoroga wakati sukari ilikwisha kuyeyuka zamani. Mama yangu, mwanamke aliyeolewa kabla hajatimiza miaka ishirini na moja, alikuwa akimwacha baba yangu mbele ya muuza majiko, mchana kweupe, na mimi nikiwa nimewaendesha mwenyewe hadi pale kwa gari langu.

Inabidi nilieleze neno, maana mkasa wote umesimama juu yake. Kwetu, katika mabonde ya juu ya Belluno, kaskazini mwa Italia, jiko la kupashia nyumba joto huitwa stufa. Na mwanamke aliyechoshwa, ambaye mambo yamemfika hapa shingoni, naye husema yeye ni stufa. Neno ni lile lile, wala halitofautiani hata kwa herufi moja. Mwanamume akichoka husema yeye ni stufo, kwa hiyo hakuna atakayemdhania jiko. Balaa hili ni la wanawake peke yao.

Na yote yalianzia mezani.

Wazazi wangu, kama nusu ya watu wa bonde letu, waliishi kwa kuuza aiskrimu Ujerumani. Kila Machi walifunga nyumba, wakashuka na masanduku, wakafungua duka lao katika mji mmoja kando ya mto Weser, na mwishoni mwa Oktoba walirudi mlimani kuja kupigwa na baridi. Karibu miaka arobaini waliishi hivyo. Baba alikuwa nyuma, kwenye mashine, na mama mbele, kwenye kaunta. Baba alipomhitaji alikuwa akigonga ukingo wa pipa kwa kijiko cha kuchotea. Akigonga mara moja, lete vikombe. Akigonga mara mbili, njoo mwenyewe. Mama alikuwa akienda. Nimekua nikiusikia mlio huo, na nilipokuwa mdogo nilidhani kila baba duniani huita hivyo.

Walipostaafu waliliuza duka, lakini mlio ule wa kijiko ulihamia mezani. Sasa baba aligonga glasi. Maji yamekwisha, kijiko. Chumvi iko wapi, kijiko. Na kwa kuwa hakuwa na mashine ya kusimamia tena, aliamua kusimamia jikoni kwa mama: vitunguu vinakatwa vinene mno, dirisha limefunguliwa mapema mno, polenta, ule ugali wetu wa njano ambao mama ameukoroga tangu akiwa binti, inakorogwa vibaya.

Jioni hiyo ya Septemba mama alikuwa amesimama mbele ya jiko la kuni, mgongo wake kwa baba, akiikoroga hiyo hiyo polenta. Baba akagonga glasi mara mbili. Mama hakugeuka. Alisema neno moja tu.

"Stufa."

Baba aliinua macho. Alimwona mke wake, na mbele ya mke wake aliliona jiko, lile la chuma aliloachiwa na mama yake mzazi, lenye bamba lililopasuka na mlango uliofungwa kwa waya. Kati ya hao wawili alichagua kuelewa jiko.

"Ni kweli," alisema. "Limezeeka."

Mama alinisimulia baadaye kwamba mwanzoni alidhani anadhihakiwa. Aligeuka na mwiko mkononi, tayari kwa ugomvi, akamkuta baba amekwisha inuka na anapekua droo akitafuta futi ya kupimia.

Asubuhi yake alinipigia simu kazini. Mimi nasugua fremu kwenye kiwanda cha miwani huko bondeni, na simu za asubuhi kwetu huwa ni za misiba, kwa hiyo moyo ulinilipuka.

"Ornella, mama yako anataka stufa," alisema. "La punje. Kuni basi, hii nyonga yangu haitaki tena shoka. Mama yako amesema mwenyewe."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. Lazima mjue baba alikuwa mtu wa namna gani ndipo mshangae kama nilivyoshangaa. Siku za kuzaliwa za mama alikuwa akimnunulia vitu ambavyo duka lilivihitaji. Mwaka mmoja ulikuwa mtambo wa kupigia krimu, na mwaka mwingine ufagio wa kudekia wenye ndoo yake. Sikuwahi kumsikia akisema mama yako anataka hiki. Na sasa alikuwa akilisema kila siku, kwangu, kwa jirani, na kwa wazee wenzake kwenye baa, mpaka wakaanza kumtania kwamba kaoa upya.

Alijitosa mzima mzima. Alikusanya vijitabu vya picha kutoka kila duka bonde zima, akavisoma kwa miwani miwili. Alijifunza kwamba kuna jiko la feni, linalopuliza hewa moto ndani ya chumba kimoja, na kuna la mabomba, linaloisukuma hewa hiyo hadi vyumba vya juu. Kuna na la maji, linalochemsha maji ya redieta, vile vyuma vya ukutani vya kupashia vyumba joto, za nyumba nzima. La mwisho ni lile lisilo na feni kabisa, linalokaa kimya kwenye kona na kutoa joto lake polepole. Hilo alilidharau. Aliliita jiko la watawa. Moyo wake ulikuwa umegawanyika kati ya la mabomba na la maji, na kila alipofika kwenye uamuzi alipata sababu ya kurudi nyuma. La mabomba lina kelele. La maji, umeme ukikatika, mmekwisha. Kuta zetu ni za mawe, zinakula joto. Punje za mbao nyekundu zinaacha majivu mengi kuliko za mbao nyeupe. Alikata maboksi akaunda jiko la karatasi lenye ukubwa kamili wa lile la mabomba, akalisimamisha jikoni kuona litakavyokaa. Mama alilizunguka wiki nzima akipita na masufuria. Nilipofika Jumapili nilimkuta akilipangusa vumbi.

"Mama, kweli unalipangusa boksi?"

"Lipo nyumbani kwangu," alisema, "nalipangusa."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa mtu anayesubiri zawadi.

Kila Jumamosi niliwachukua kwa gari, baba mbele, mama nyuma na mkoba wake mapajani. Madukani baba aliuliza maswali ya kumtoa muuzaji jasho. Muuzaji akimgeukia mama, "Na wewe mama unaonaje?", baba alikuwa akijibu, "Yeye anapenda la mabomba." Mama hakubisha. Jumamosi moja, baba akiwa amebaki dukani kumkamua mtu kuhusu dohani, bomba la kutolea moshi, nilimwambia mama amharakishe kidogo, theluji itatukuta barabarani.

"Mwache," alisema. "Amefurahi."

Hivyo ndivyo tulivyofika kwa Tarcisio, Novemba ikiwa imeanza na vilele vimekwisha kuwa vyeupe. Tulikuwa tumerudi kwake mara ya pili, na baba aliapa kwamba leo ni leo. Akainama, akachungulia, akafungua, akafunga. Kisha, bila kugeuza kichwa, akasema, "Haya Oliva, sema basi. Mimi nimenyamaza muda wote. Wewe ndiye uliyetaka jiko." Na mama akajibu kama nilivyokwisha kuwaambia.

"Tangu Septemba nini?" baba aliuliza, na sasa aligeuka.

Nilikuwa nikimtazama usoni, na ningependa nisingekuwa nikimtazama. Neno lile liligeuka kichwani mwake polepole, likabadilisha upande. Kwanza alilitazama jiko, kisha akamtazama mama, kisha jiko tena. Uso ulimpauka. Palikuwa na mifuko ya punje imepangwa kando ya mlango, akaikalia bila kuangalia kama ingemstahimili.

"Umechoka," alisema. "Na nini?"

"Na kuitwa kwa kijiko."

"Si ungesema."

"Nilisema. Ukaleta futi."

Naapa, kama mama angevua viatu akapanda juu ya jiko kucheza dansi nisingeshtuka hivyo. Mama hakuwahi kuinua sauti, na hata sasa hakuiinua. Aliongea kama anayemwambia mteja kwamba aiskrimu ya limau imekwisha. Nilitafuta la kusema, la kuwapatanisha, au hata la kumfanya Tarcisio atoke nje. Nilichokipata ni hiki.

"Na Krismasi?"

Wote watatu walinigeukia. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini kasoro, na watoto wawili, na hilo ndilo lililonitoka.

"Krismasi mtakuja kwangu," mama alisema. "Nimepata vyumba viwili Belluno. Jumamosi ijayo nahamia."

"Vyumba vya nani?" baba aliuliza.

"Vyangu."

Nikamkasirikia. Nilijiambia huyu mama ni mgonjwa, kapata ugonjwa wa wazee, hajui asemalo. Lakini alijua. Nilimwona akifungua kifungo cha kwanza cha koti, kisha cha pili, akaanza kupumua vizuri.

"Tumezunguka bonde zima," baba alisema. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Bonde zima, Oliva. Kwa ajili yako. Ukaniacha nizunguke."

"Ulikuwa na furaha," mama alisema. "Sijakuona hivyo tangu tulipofungua duka. Nikasema ngoja achague kwanza, nisimharibie. Nikangoja. Lakini wewe huchagui."

Nataka niseme jambo moja hapa, maana najua mnasubiri. Hakurudi. Nilimngojea arudi theluji ya kwanza ilipoanguka, nikamngojea Pasaka, nikamngojea baba alipofanyiwa operesheni ya nyonga ya pili. Alikuja hospitali, akakaa naye kila siku, akamletea supu, na jioni akarudi kwenye vyumba vyake. Hawakuachana kwa sheria. Kijijini walicheka majira yote ya baridi. Kwenye baa walisema Rizzieri kaenda kutafuta jiko, karudi bila jiko. Baba alikuwa akilipa kinywaji chake na kuondoka. Sasa yeye hayupo, amezikwa juu kule karibu na wazazi wake, na mama bado yuko Belluno, ana miaka themanini na kitu, hajawahi kunipa maelezo zaidi ya yale niliyoyasikia siku ile, nami nimeacha kuyadai. Shangazi zangu walinihoji mpaka wakachoka. Alimpiga? Hapana. Alikuwa na mwanamke mwingine huko Ujerumani? Hapana. Basi ni nini? Nikiwaambia ni kijiko, wananitazama kama nawaficha kitu.

Lakini siku ile nilikuwa sijui lolote kati ya hayo. Nilikuwa nimesimama kati ya majiko nikiwa nimeshika kahawa iliyopoa, nikimtazama baba kwenye mifuko yake. Nilingoja apige kelele. Nilimjua. Angepiga kelele, angemwita majina, angetoka na kuubamiza mlango, na ningebaki na kazi ya kuwarudisha nyumbani kwa gari moja.

Tarcisio alijikohoza akaona si wakati wake.

"Vina ukubwa gani?" baba aliuliza mwishoni.

"Nini?"

"Hivyo vyumba."

Nadhani hata mama hakuwa amelitarajia hilo.

"Mita za mraba arobaini na mbili. Na jikoni humo humo."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya pili."

"Vina kitu cha joto?"

"Kuna kimashine cha umeme."

"Kimashine cha umeme," baba alirudia, kwa sauti ile ile ya kudharau aliyoitumia kwa vitunguu vinene. "Utaganda Januari haijafika. Na dohani? Bila dohani hakuna jiko, Oliva, hata upewe bure."

"Ipo. Nyuma ya kabati. Nilimuuliza mwenye nyumba."

"Uliuliza dohani?"

"Toka Septemba nakusikiliza, Rizzieri," mama alisema. "Kitu cha kwanza nilichouliza ni dohani."

Baba aliinuka. Ilimchukua muda, kwa sababu ya nyonga, na hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa hakuna aliyejua kama inaruhusiwa. Alilipita jiko jekundu bila kulitazama, yeye aliyekuwa amelilalia na kuliamkia tangu majani yalipoanza kuanguka, akamwendea Tarcisio.

"Hili kubwa mno kwake," alisema. "Atachemka humo ndani kama kiazi. Tuonyeshe madogo."

"Yapo, mzee," Tarcisio alisema haraka haraka, kama mtu aliyefunguliwa kamba. "Yapo huku nyuma, tena mazuri, njooni, angalia kichwa hapa, mama."

Yalikuwa manne, yamepangwa ukutani. Baba alitangulia kwa mazoea, akanyoosha kidole. "Hili la..." Akakirudisha kidole mfukoni, akasogea pembeni mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

Mama alipita mbele ya majiko yale moja baada ya jingine. Alifungua milango akaifunga. Alimwomba Tarcisio ayawashe yote, akayasikiliza kwa zamu, kichwa amekiinamisha, na sisi tulimsubiri. Alichukua muda wake wote. Alipofika kwenye la mwisho, la kijani, dogo, lisilo na feni, lile ambalo baba alikuwa akiliita la watawa, alisimama akaweka kiganja juu yake.

Niliona baba akivuta pumzi ya kusema. Najua alichotaka kusema, na Tarcisio alijua, na mama alijua, maana alimgeukia na kumngoja.

"Hilo?" baba aliuliza.

"Hili."

"Sawa."

Tarcisio alitoa kalamu sikioni. Alikuwa amerudiwa na rangi yake, anakaribia hata kutabasamu, kwani hatimaye kulikuwa na jiko limeuzwa.

"Alhamisi lori langu linatoka," alisema. "Tulishushe wapi, mzee Rizzieri? Juu kule kwenu, au?"

Baba alifungua mdomo. Jina la kijiji chetu lilikuwa tayari kwenye ulimi, kama lilivyokuwa kila alipoulizwa swali hilo maisha yake yote, huku na Ujerumani. Niliona akilimeza.

"Mimi sijui," alisema. "Muulize mwenyewe."

Mama akataja mtaa, akataja namba ya nyumba, na jina lililoandikwa kwenye kengele, lake mwenyewe la kabla hajaolewa. Aliyataja polepole ili Tarcisio aandike vizuri. Na baba, pale ukutani, kofia mkononi, alikuwa akiyarudia kwa midomo, bila sauti, asije akayasahau.